Programu inasema nimezidisha matumizi, lakini hatukukopa: kosa liko wapi?

Swali: Assalaamu alaykum. Mimi ni mwalimu wa skuli ya msingi, naishi Wete, Pemba. Mume wangu ni seremala na ana mikarafuu aliyorithi kwa baba yake. Tangu mwezi wa tatu naandika kila shilingi kwenye programu ya bure niliyoipakua kwenye simu. Mwezi wa tano imenionyesha mapato 940,000 na matumizi 1,352,000, yaani nimezidisha 412,000. Lakini hatukumkopa mtu. Mwezi ulianza nikiwa na 120,000 ukijumlisha mkoba, kopo la jikoni na simu, ukaisha nikiwa na 108,000. Orodha yote nimekuletea. Je, programu ni mbovu? Mwenzangu skuli ananiambia nihamie ya kompyuta. Nimechoka, niko karibu kuiacha.

Jibu: Wa alaykumu salaam, Mwalimu. Usiiache. Umefanya jambo ambalo wengi hawalifanyi: umehesabu pesa mwanzo wa mwezi na mwisho wa mwezi, ukaziandika. Bila ya zile nambari mbili, 120,000 na 108,000, mimi nisingekuwa na la kukwambia.

Tazama. Ulianza na 120,000. Kama kweli ungetumia 412,000 zaidi ya ulichopata, na hukukopa, mwisho wa mwezi ungekuwa na 120,000 kutoa 412,000. Jawabu yake iko chini ya sifuri kwa 292,000. Mkoba hauwezi kuwa na pesa pungufu ya sifuri. Kwa hiyo ripoti haiwezi kuwa sahihi hata kama kila mstari uliouandika ni wa kweli, na yako mistari yote ni ya kweli. Nimeipitia mmoja mmoja. Vitu vitatu vimeingia kwenye matumizi na hakuna hata kimoja ambacho ni matumizi yako.

Cha kwanza ni kutoa pesa kwa wakala. Tarehe 4 umeandika "kutoa pesa 150,000", kisha chini yake, siku ile ile, mchele wa mapembe, mafuta, polo la mkaa, nazi. Tarehe 19 umetoa tena 100,000, na siku mbili mbele umeandika ada ya chuoni, dagaa na umeme wa TUKUZA. Zile 250,000 zimehesabiwa mara mbili: zilipotoka kwenye simu, na zilipotoka mkononi kwenda dukani. Pesa ikihama kutoka simu kuingia mkobani haijatumika bado, imebadilisha mahali tu. Kilichotumika pale ni ada ya kutolea, na hiyo umeiandika mbali, iache ibaki.

Cha pili ni upatu, 100,000. Nitaurudia, maana ndio mzito kuliko vyote.

Cha tatu ni dawa za mama. Kaka yako yuko Unguja, alikutumia 150,000 kwa ajili ya matibabu ya mama. Ulizipokea kwenye simu bila ya kuziandika, na umefanya sawa kutoziandika kama mapato, kwa sababu si zako. Lakini dawa za 70,000 na gari ya kumpeleka Chake Chake ya 25,000 umeziandika kama matumizi ya nyumba yako. Jumla 95,000. Hizo amelipa kaka yako kwa mkono wako.

Sasa toa: 1,352,000 kutoa 250,000, kutoa 100,000, kutoa 95,000. Inabaki 907,000. Mapato yako ni 940,000, mshahara na posho anayoacha mume wako. Hukuzidisha kitu, Mwalimu. Mwezi wa tano nyumba yenu imebakisha 33,000.

Utaniuliza: kama tumebakisha, mbona pesa zimeshuka kutoka 120,000 hadi 108,000? Ni swali la haki. Chukua 120,000, ongeza 940,000, toa matumizi ya kweli 907,000, toa 100,000 zilizokwenda kwenye upatu, ongeza 55,000 za kaka yako ambazo bado hujazitumia. Jawabu ni 108,000 kamili. Zimekutana shilingi kwa shilingi, na mimi kwa miaka yote niliyofanya uhasibu sijaacha kufurahi hesabu zikikutana namna hii. Lakini nataka ulione na hili: katika zile 108,000 ulizozihesabu, 55,000 ni amana. Zako ni 53,000. Ungelienda dukani ukiamini una laki na kitu, ungelitumia pesa ya dawa ya mama bila ya kujua.

Programu yako ilikuwa inakuuliza swali moja tu, "umetoa shilingi ngapi?", na wewe ukaijibu kwa uaminifu. Linalofaa kuulizwa ni maswali mawili kwa pamoja: imetoka wapi, imekwenda wapi. Hiyo ndiyo hesabu ya pande mbili ambayo mtawa wa Kiitaliano, Luca Pacioli, aliieleza katika kitabu chake kilichochapwa Venice mwaka 1494, na wafanyabiashara walikuwa wakiitumia kabla yake. Nyumba yenye mshahara mmoja benki na mtu mmoja wa kutumia inaweza kuishi bila yake. Nyumba ya Pemba yenye mkoba, kopo, laini mbili za simu, upatu, daftari la duka na amana za ndugu haiwezi.

Kwa hiyo ndani ya programu fungua "akaunti" kwa kila mahali pesa inapokaa: Mkoba, Kopo, Simu, Benki. Ukitoa pesa kwa wakala, usibonyeze matumizi. Bonyeza uhamisho, kutoka Simu kwenda Mkoba. Fungua na akaunti ya Amana ya Kaka. Siku alipotuma 150,000, Simu inapanda na Amana inaonyesha unadaiwa 150,000. Ukinunua dawa ya 70,000, Simu inashuka na deni la amana linashuka. Matumizi ya nyumba hayaguswi. Kaka akikuuliza zimebaki ngapi, unamsomea salio.

Na duka la kukopa vilevile. Ukichukua boflo na sukari leo ukaahidi kulipa mwisho wa mwezi, andika matumizi leo, kutoka akaunti ya "Deni la Dukani". Siku ya kulipa ni uhamisho tu wa kupunguza deni. Wengi huandika siku ya kulipa, kisha wanashangaa tarehe 30 imekula pesa nyingi kwa siku moja.

Sasa upatu. Umenieleza mko kumi, kila mtu 100,000 kwa mwezi, mmeanza mwezi wa nne na zamu yako ni mwezi wa sita. Fungua akaunti inayoitwa Upatu na uhamishie humo kila mchango. Mwezi wa nne salio lake ni 100,000. Mwezi wa tano 200,000. Hiyo ni pesa yako iliyo mikononi mwa wenzako, unawadai. Mwezi wa sita unatia tena, inakuwa 300,000, halafu unapokea milioni moja. Ukiihamisha ile milioni kutoka Upatu kwenda Mkoba, salio la Upatu linageuka kuwa 700,000 chini ya sifuri. Usishtuke. Linakwambia kweli: sasa wewe ndiye unayedaiwa. Kuanzia mwezi wa saba hadi wa kwanza ni miezi saba, laki moja kila mwezi, na mwezi wa kwanza akaunti inafika sifuri kamili. Isipofika sifuri, kuna mchango hukuuandika, au kuna mtu hajalipa.

Fikiria ingekuwaje kwa njia ya zamani. Mwezi wa sita programu ingekuonyesha mapato ya karibu milioni mbili. Ungejiona una nafasi. Kumbe katika ile milioni uliyopokea, 700,000 ni mkopo usio na riba kutoka kwa wanawake wenzako. Nimewaona watu wema, wanaoheshimiwa mtaani, wakishindwa kuendelea kuchangia baada ya kupokea, na wala si kwa wizi. Waliiandika pesa ya upatu kichwani kama chumo, wakaitumia kama chumo. Upatu ni kitu kizuri sana, umejenga nyumba na kusomesha watoto visiwa hivi vyote, na unasimama kwa kuaminiana. Ndiyo maana naung'ang'ania huu mstari mmoja wa hesabu.

Karafuu nazo zinataka mahali pao. Umeniambia mume wako hukupa "kitu kikubwa" msimu ukifika, na unataka kujua utakiandika mwezi gani. Usikiandike kwenye mapato ya nyumba moja kwa moja. Fungua akaunti ya Shamba. Wachumaji wanalipwa kwa pishi wakati karafuu bado mbichi. Kuna chakula chao, kuna kuchambua makonyo, kuna kuanika na kulinda mvua isikute jamvi, kuna gari ya kupeleka kituo cha ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu. Pesa hizo zote zinatoka kabla ya karafuu kupimwa na kulipwa. Ukizichanganya na za jikoni, mwezi mmoja utaonekana mmefilisika na unaofuata mmetajirika, na yote mawili si kweli. Zote ziingie na kutoka Shamba. Karafuu zikishauzwa, kinachobaki ndicho chumo la msimu.

Hilo chumo ligawe. Tuseme imebaki 3,600,000. Mtu wa kawaida atagawa kwa 12, apate 300,000 kwa mwezi. Mimi nagawa kwa 18, inakuwa 200,000, na nina sababu: mikarafuu haizai sawa kila mwaka. Baada ya msimu mnono unaweza kuja mwaka ambao mti hautoi hata cha kuchumia jamaa. Kila tarehe 1 hamisha 200,000 kutoka Shamba kwenda Mkoba, na hizo ndizo unazoziita mapato ya mwezi. Programu nyingi zina sehemu ya kupanga muamala unaojirudia, uweke mara moja tu.

Wenzetu wa mwani wana shida kama hii kwa umbo jingine. Niliwahi kukaa na mama mmoja pwani ya kusini Unguja, ameketi juu ya kigoda, kopo la maziwa ya unga mapajani limejaa noti za elfu mbili zilizokunjwa mara nne, bado zina chumvi. Nilimfungulia programu, nikamwekea ripoti za mwezi. Akanitazama akasema yeye hana mwezi, ana bamvua. Anashuka baharini maji yanapokupwa sana, anavuna, anauza, na matumizi yake yanafuata maji. Alikuwa sahihi. Tukabadilisha kipindi cha ripoti kikawa wiki mbili mbili, na kuanzia hapo nambari zikamfahamikia. Kalenda ya programu ni ya aliyeitengeneza. Ibadilishe ifuate pesa yako inavyoingia.

Kalenda itakusumbua na kwenye Ramadhani. Programu itakupa bajeti ya "mwezi wa tatu" kwa kutazama mwezi wa tatu wa mwaka jana, lakini Ramadhani inarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka. Futari, tende, nguo za watoto za Sikukuu, wageni, vyote vinahama nayo. Mwaka 2030 Ramadhani itaingia mara mbili ndani ya mwaka mmoja wa kizungu, mwanzoni mwa Januari na tena mwishoni mwa Disemba. Weka fungu lake peke yake, liite Ramadhani na Sikukuu, na lijaze kidogo kidogo kila mwezi. Mwakani linganisha Ramadhani na Ramadhani, usilinganishe Machi na Machi.

Na zaka. Mwaka wake ni wa mwandamo, kama siku 354, kwa hiyo weka tarehe yako ya Kiislamu, siku hiyo fungua ripoti ya mali na madeni na uichape. Utaona mkoba, simu, benki, unachodai kwenye upatu, unachodaiwa, na amana ambayo si yako, kila kitu mbali na mwenzake. Kipi kinaingia kwenye nisabu, yaani kiwango cha mali kinachowajibisha zaka, na kipi hakiingii, hilo muulize shekhe wako. Mimi ni mhasibu. Lakini ukimpelekea karatasi ile atakujibu kwa dakika tano.

Sasa programu yenyewe. Mwenzako pengine anaisema GnuCash. Ni nzuri, naitumia: ni ya bure, ipo tangu 1998, inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux, na faili linakaa kwenye kompyuta yako. Unaweza kuchagua shilingi ya Tanzania na kuyaandika majina ya akaunti kwa Kiswahili. Ina ukali mmoja ninaoupenda: kila muamala lazima uwe na pande mbili, na ukisahau upande mmoja, kiasi chake inakitupa kwenye akaunti inayoitwa Imbalance, kiko pale kinakutazama mpaka ukishughulikie. Ingelikuonyesha kosa lako wiki ya kwanza. Lakini utaifungua kompyuta mara ngapi kwa wiki? Matumizi ya Wete yanatokea sokoni na kwenye gari, na simu ndiyo iliyo mkononi. Kama programu uliyonayo inakubali akaunti nyingi na ina uhamisho kati yake, na uliyonitajia inazo zote mbili, baki nayo.

Hakikisha tu inakuruhusu kutoa kumbukumbu zako kama faili la CSV, yaani jedwali la maandishi matupu ambalo programu nyingine zinaweza kulisoma. Kila mwisho wa mwezi litoe, ujitumie kwa barua pepe. Simu inaanguka ndani ya maji, na programu nazo zinakufa: Mint, iliyokuwa na watumiaji mamilioni Marekani, ilifungwa Machi 2024, na Microsoft Money iliachwa kuuzwa mwaka 2009. Mwenye faili lake alihama nalo.

Mint ilipendwa kwa sababu ilivuta taarifa za benki yenyewe. Usiitamani hiyo. Nambari ya siri ya simu yako au ya benki usiipe programu yoyote ya hesabu, na inayoomba ruhusa ya kusoma ujumbe wako wote wa simu iangalie mara mbili. Zipo zinazojiita za kusimamia pesa, kumbe kazi yake ni kukopesha na kukusanya majina ya watu unaowasiliana nao ili wapigiwe simu ukichelewa kulipa. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya programu na majukwaa 69 ya mikopo yasiyo na leseni. Kuandika kwa mkono kunachukua dakika tatu kwa siku. Zitoe.

Kuna jambo hukuniuliza lakini linaonekana kwenye orodha yako. Umeandika mshahara wako na posho ya mume wako pamoja, "mapato". Kwa dini yetu mali ya mke ni yake, na matumizi ya nyumba ni juu ya mume. Unachotia wewe ni hisani. Sisemi uache kutia. Nasema ionekane. Gawa mafungu mawili, posho ya mume na mchango wangu, ili siku mkikaa kuzungumza kila mmoja ajue anabeba nini. Na mwambie kabla hujaanza kuiandika akaunti ya Shamba. Mwanamume akigundua anahesabiwa bila ya kuambiwa atahisi anapelelezwa, na daftari zuri litaleta ugomvi. Akishirikishwa, mara nyingi yeye ndiye atakayekukumbusha bei aliyowalipa wachumaji.

Kila Ijumaa, kabla ya usiku kuingia, hesabu Mkoba na Kopo, ulinganishe na programu. Hazitalingana. Pungufu ya elfu mbili, elfu tatu, usiitafute; iandike kwenye fungu la "Haijulikani" ulale. Ikizidi elfu kumi kwa wiki moja, kaa chini ukumbuke ulikopita, kwa sababu mara nyingi ni kitu kimoja kikubwa ulichokisahau: mchango wa msiba, nauli ya boti ya mgeni, mtungi wa gesi. Na mafungu yapunguze. Una 31, na katika hayo maandazi na chapati yametengwa. Kumi na mbili yanatosha.

Miezi mitatu ya nyuma usiifute. Itoe kama CSV, uiweke. Kisha anza upya tarehe 1 kwa salio za ufunguzi: hesabu Mkoba, Kopo na Simu kama zilivyo, andika Upatu 200,000 unazodai, andika Amana ya Kaka 55,000 unazodaiwa, au pungufu yake kama mama ameshanunuliwa dawa nyingine. Mchango wa upatu wa mwezi wa sita uandike kama uhamisho, na ile milioni ikiingia, uhamisho pia.